Mtu wa Mbuzi

Lawwali alikuwa mfupi, na jiwe la baba yake alipewa mtu mrefu. Tatizo lilikuwa hilo tu, na lilikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja.

Jiwe lenyewe si jiwe hasa. Ni sakafu ya saruji ndani ya machinjio ya Malumfashi, mji wa Wahausa, urefu hatua tatu, upana hatua mbili, na katikati pana pete ya chuma ya kufungia ng'ombe. Mawe hayo yako sita, yamepangwa kando ya mfereji wa maji. Mwenye jiwe huchinja ng'ombe, huchukua nundu na ini, na akipita sokoni watu humsalimu wao kwanza. Wasio na jiwe huchinja mbuzi upande wa pili, karibu na shimo la mavi, na hao hakuna anayekumbuka kuwasalimu.

Mzee Tukur alipokufa, mwanawe Lawwali alikuwa na miaka ishirini. Jiwe hurithiwa, baba kwa mwana, ndivyo ilivyokuwa siku zote. Lakini Alhaji Garzali, Sarkin Fawa, mkuu wa wachinjaji wote wa mji, alimtazama Lawwali kutoka utosini hadi kwenye kandambili, safari isiyochukua muda, akasema, "Ng'ombe haulizi wewe mtoto wa nani. Anauliza una uzito gani. Jiwe tutamshikia, kijana akue kwanza."

Aliyeshikishwa ni Gambo, mtoto wa baba mkubwa wa Lawwali, aliyelelewa naye nyumba moja na kula naye sinia moja. Gambo alikuwa mtu wa kuinama kila mlangoni. Mikono yake ilikuwa minene kama mapaja ya mtu mwingine. Watu walimwita Giwa, tembo, na jina lilimkaa vizuri.

Lawwali hakukua. Aliota ndevu, alioa, alizaa binti, lakini hakukua. Mizani ya machinjio, ile ya kupimia nusu ya ng'ombe, ilisema kilo hamsini na mbili mwaka ule, na mwaka wa kumi na moja bado ilisema hamsini na mbili.

Gambo hakuwa mtu mbaya, na hili lisemwe mapema. Kila Alhamisi alileta ini nyumbani kwa Lawwali, limefungwa kwenye jani, wala hakutaka shukrani. Lakini mdomo wake haukuwa na mlango. Kila alfajiri Lawwali akiingia machinjioni, Gambo alipaza sauti, "Jamani, nani kaacha kisu kinatembea chenyewe?"

"Kikifika kwako utakijua," Lawwali alijibu.

"Kikifika kwangu kitakuwa kimefika magotini."

Watu wakacheka. Wanne walicheka zaidi ya wote, nao ni vibarua wa jiwe la Gambo, watu wa miraba minne, waliokuwa wakimshikia mkia na miguu ya ng'ombe. Lawwali naye alicheka, kwa sababu asiyecheka machinjioni hutaniwa mara mbili.

Gambo alimwangusha ng'ombe kwa pembe. Alizishika zote mbili, akaikunja shingo kama mtu anayekamua nguo iliyolowa, kisha akajitupa juu yake kwa uzito wake wote. Watu walikuja kutazama. Miaka mitatu nyuma fahali mmoja alimwangukia goti la kushoto, na Lawwali ndiye aliyelifunga. Siku arobaini alilikanda kwa mafuta ya mkia wa kondoo, alilifunga kwa ukanda wa ngozi mbichi, alilifungua, alilifunga tena. Alilijua goti lile kuliko mwenyewe alivyolijua. Alijua mahali ambapo mfupa haukurudi vizuri, upande wa nje, pamebonyea kiasi cha kidole gumba.

Mzee Tukur hakuwa akishika pembe. Alikuwa na kamba, ndefu, ya ngozi ya fahali, imesukwa kwa nyuzi nne na kupakwa mafuta mpaka ikawa nyeusi. Naye alikuwa mfupi. Kamba hiyo ilining'inia kwenye msumari chumbani kwa Lawwali, na kila mwezi aliipaka mafuta, ingawa mbuzi haangushwi kwa kamba.

Mavuno yalipokwisha, Alhamisi moja, fahali mweupe aliwashinda Gambo na watu wake wanne. Aliwatupa. Mmoja alivunjika mkono papo hapo, mfupa ukachungulia nje ya ngozi. Fahali akarudi nyuma mpaka pembeni pa ukuta, akasimama, kichwa chini, anatoa povu, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kumsogelea.

Lawwali alikwenda nyumbani mbio na kurudi na kamba. Alimjia fahali kutoka ubavuni, polepole, akimwambia maneno ambayo baba yake alikuwa akiwaambia ng'ombe. Alipitisha kitanzi kwenye pembe. Akaizungusha kamba kifuani, nyuma ya miguu ya mbele. Akaizungusha tena tumboni, mbele ya miguu ya nyuma. Kisha alirudi nyuma hatua kumi, akakaza visigino, akavuta moja kwa moja kuelekea mkia.

Fahali alitetemeka. Miguu ya nyuma ilikunjika kwanza. Akakaa chini, kama mzee anayeketi kwenye mkeka, kisha akalala ubavu.

Gambo aliruka akamkalia shingo, na wengine wakamrukia kiunoni, kisu kikapita.

Lawwali alikunja kamba, akaenda mpaka mbele ya Alhaji Garzali aliyekuwa kwenye kiti chake cha miti, akachuchumaa kwa heshima, akauliza, "Baba Alhaji, nimekua?"

Swali zuri, kwa wakati wake. Pengine kama angeuliza faraghani angepata jibu zuri. Lakini aliuliza mbele ya watu sitini wenye visu, na Alhaji hakupenda kuulizwa mbele ya watu. Alicheka mpaka kilemba kikasogea.

"Kamba ndiyo iliyokua," alisema. "Wewe siku utakayomwangusha Gambo, njoo uchukue jiwe."

Watu wakacheka naye. Lakini neno la Sarkin Fawa likishatoka mbele ya visu halirudi ndani. Kila mmoja pale alilisikia, na Lawwali alilisikia kuliko wote.

Jioni Gambo alikuja, akainama mlangoni, akakaa kwenye kigoda kilicholia chini yake. Hinde, mke wa Lawwali, alimpa fura, kinywaji cha uwele na maziwa, kwenye kibuyu, akainywa yote kwa pumzi moja.

"Nisikilize, mdogo wangu," alisema. "Leo nimeona kitu. Wewe funga kamba, mimi nikalie shingo. Tufanye kazi jiwe moja, watu wawili. Goti langu limechoka kucheza na pembe."

Lawwali alikuwa anapaka kamba mafuta. Hakuinua kichwa. "Na jiwe litaitwa la nani?"

Gambo alijikuna shingo. "La Giwa. Watu wameshazoea. Jina tu hilo, linakusumbua nini?"

"Kwa hiyo nitakuwa kibarua wako kwenye jiwe la baba yangu."

"Nimesema watu wawili. Sijasema kibarua."

"Lakini jina moja."

Gambo alimgeukia Hinde. "Shemeji, mumeo ana kichwa kikubwa kwa mwili ule. Siku moja kitamwangusha." Akatoka, akainama tena mlangoni.

Hinde alichukua kibuyu akakitazama ndani. Alikuwa binti wa wachinjaji kama wote, aliwajua wanaume wenye visu. "Unataka jiwe," aliuliza, "au unataka kurefuka?"

"Jiwe."

"Basi umeshapewa nusu, na hakuna aliyemwaga damu. Nenda umwite kabla hajafika kwake."

Lawwali hakwenda.

Baada ya mavuno huwa pana dambe, ngumi, kwenye uwanja ulio nyuma ya soko, kila Ijumaa ikishaswaliwa alasiri. Wachinjaji ndio wenyewe wa mchezo huo. Mkono mmoja hufungwa pamba na kamba nyembamba mpaka unakuwa mgumu kama gogo, huo ni mkuki. Mwingine huachwa wazi, kiganja mbele, huo ni ngao. Mguu unaruhusiwa. Raundi tatu, na anayegusa mchanga kwa mkono au goti au makalio ameuawa, ndivyo wanavyosema, hata kama anainuka na kujikung'uta vumbi. Hakuna mizani. Watu husimama bega kwa bega, mwamuzi akaangalia, akasema hawa wanafanana au hawafanani. Mtu akikuchuchumalia na kuweka ngumi chini mbele yako, na mabega yenu hayafanani, unaweza kukataa wala usione haya.

Ijumaa hiyo Lawwali alifunga mkono. Alizunguka uwanja mara moja, Bawa mpiga kalangu akimfuata na ngoma yake kwapani kwa mazoea tu, akidhani ni mzaha. Alipofika mbele ya Gambo, alichuchumaa na kuweka ngumi mchangani.

Kalangu ilinyamaza.

Mwamuzi, mpiganaji wa zamani mwenye sikio moja, alikuja akawasimamisha pamoja. Bega la Lawwali lilifika chini ya chuchu ya Gambo. "Hapana," alisema mwamuzi. "Hapa hakuna mchezo. Huyu akimpigia chafya tu tutamzika."

"Alhaji alisema," Lawwali alijibu.

Macho yote yakaenda kwa Alhaji Garzali, aliyekuwa amekaa chini ya mwavuli. Alhaji aliangalia kucha zake. Angeweza kusema nilitania. Neno moja tu. Hakulisema, kwa sababu mkuu hasemi nilitania mbele ya mji mzima.

"Gambo akitaka," alisema.

Hapo ndipo Gambo alipofanya kosa. Angekataa, na hakuna ambaye angemsema. Lakini watu walikuwa wengi, na yeye alipenda kuwachekesha watu. "Nitapigana naye," alisema, "ila asionewe. Nampunguzia." Akauchomeka mkono wake wa kushoto, ule wa ngao, ndani ya mshipi nyuma ya kiuno. "Namtolea huu. Na kama bado anaona sijapungua, nitapiga magoti."

Uwanja uliangua kicheko. Bawa akarudia maneno hayo kwa ngoma, na ngoma ya kalangu huiga maneno ya mtu, kila mmoja alielewa. Lawwali peke yake hakucheka. Aliutazama ule mkono unaoingia mshipini. Ngao si ya uso tu. Mkono ule mrefu, ukinyooshwa, ndio unaomweka mtu mbali na mguu wa mbele. Na mguu wa mbele wa Gambo ulikuwa wa kushoto.

Raundi ya kwanza haikuchukua muda. Lawwali aliingia chini, akapiga mbavu mara mbili, ikawa kama kupiga gunia la mtama. Gambo alishusha mkuki kutoka juu, ukatua mdomoni. Meno manne yalitoka kwa pamoja. Lawwali alirushwa nyuma mpaka kwenye watu, na watu ndio waliomzuia asianguke, vifua vyao vikamrudisha uwanjani kama mpira. Mwamuzi alitazama mchanga. Lawwali hakuugusa. Raundi ilikwisha, akatema damu na vipande, mtu akampa maji, akayatema mekundu.

"Inatosha, Lawwali," mtu alisema nyuma. "Tumekuona mwanamume."

Raundi ya pili Gambo hakucheza tena. Alipiga kwa mpango, kama mtu anayepasua kuni. Ngumi moja ilifunga jicho la kulia la Lawwali. Nyingine ilimpata begani, mkono ukafa ganzi. Lawwali alirusha mkuki wake kama kipofu, Gambo akainamisha kichwa, ngumi ikatua juu ya fuvu. Vidole viwili vya mwisho vilivunjika ndani ya kamba. Alivisikia, tak, tak, kama vijiti vya kuwashia moto.

Walikamatana. Kidevu cha Gambo kilikuwa juu ya utosi wa Lawwali, jasho lake likimdondokea. Akamwambia kwa sauti ya chini, sauti ya nyumbani, "Kaa chini, mdogo wangu. Weka kiganja mchangani, yaishe. Twende tukale. Kesho njoo na kamba yako, tutaita jiwe la Tukur. Nimekubali. Jina libaki la mzee."

Lawwali aliyasikia maneno hayo yote. Baadaye alijaribu kujidanganya kwamba hakuyasikia vizuri kwa sababu ya damu masikioni, lakini aliyasikia. Ndicho alichokuwa akikitaka miaka kumi na mmoja, na alikuwa anapewa. Ila alikuwa anapewa huku amekunjwa kama mtoto kwapani, na watu wanacheka.

"Pigana," alisema, na damu ikamtoka puani.

Raundi ya tatu Gambo alikuja akiwa amekasirika. Aliweka mguu wa kushoto mbele, akainua mkuki nyuma ya sikio, mwili wote umekaa juu ya mguu ule mmoja. Lawwali hakuangalia ngumi. Aliangalia goti. Aliruka hatua moja upande, na akapiga teke kwa kisigino, kutoka nje kwenda ndani, mahali penye shimo la kidole gumba, mahali alipopakanda siku arobaini kwa mafuta ya kondoo.

Mlio ulisikika mpaka kwa wauza nyama choma. Goti lilikunjika kwenda upande ambao goti haliendi. Gambo hakupiga kelele mara moja. Alishuka chini taratibu, mlima mzima, uso wake ukiwa na mshangao, kisha akalala kifudifudi na hapo ndipo sauti ilipotoka. Ilikuwa sauti ya fahali. Wachinjaji wote waliijua.

Hakuna aliyeshangilia. Teke linaruhusiwa, goti ni halali, mwamuzi aliinua mkono wa Lawwali kwa sababu ndiyo kazi yake, akauachia haraka. Lakini kila mtu pale alijua nani alilifunga goti lile.

"Bawa," Lawwali alisema kwa mdomo uliovimba. "Nipigie."

Bawa alikuwa anaitazama ngoma yake. "Wewe umeshinda, Lawwali, sikatai," alisema. "Lakini hilo sina wimbo wake."

Wiki ya tatu Lawwali alisimama juu ya jiwe. Alhaji Garzali alimkabidhi kisu cha baba yake mbele ya watu, bila hotuba. Vidole viwili vilikuwa bado vimefungwa kitambaa, havikunjiki. Gambo alikuwa ametoka kwa mtengeneza mifupa, mguu umefungwa mbao nne, amekalia ndoo iliyopinduliwa karibu na lango na fimbo mkononi. Hakuwa na kazi pale. Lakini mtu wa machinjio akikaa nyumbani asubuhi huumwa.

Vibarua walikuwa palepale, wamesimama kando ya mfereji, pamoja na mmoja aliyechukua nafasi ya yule wa mkono uliovunjika. Mkubwa wao aliitwa Maigoro, mwenye kola, kwa kuwa hakuacha kutafuna kokwa za kola.

"Leteni wa kwanza," Lawwali alisema.

Walimleta, wakamfunga peteni, wakarudi mferejini. Lawwali alizungusha kamba, akavuta, ng'ombe akalala. Alimkalia shingo mwenyewe, akakata. Ng'ombe alirusha miguu, akatulia. Wa pili hivyohivyo. Wa tatu alikuwa jike mzee, hakusumbua. Sasa wachinja mbuzi walikuwa wamesogea kutazama, na mmoja akasema wazi, "Wallahi, anaweza." Lawwali alisikia, kifua kikajaa. Aliona kweli amekua.

Alisahau jambo moja, nalo ni la baba yake. Mzee Tukur aliangusha kwa kamba, lakini tangu Lawwali akiwa mtoto, daima palikuwa na wanaume wawili wazito wa kukalia shingo, na mmojawapo alikuwa baba yake Gambo. Kamba inaangusha. Haishikilii. Lawwali aliwaona watu wale wawili kila siku ya utoto wake, na hakuwahi kuwahesabu.

Wa nne alikuwa fahali mwekundu kutoka upande wa Maradi, pembe zake urefu wa mkono wa mtu mzima. Kamba ilimlaza. Lakini alilala akihema kwa hasira, na shingo yake ilikuwa nene kuliko kiuno cha Lawwali.

"Njooni mkalie," Lawwali aliita.

Maigoro alihamisha kola kutoka shavu hili kwenda lile. "Kamba si inatosha?"

"Maigoro, njooni, huyu si wa mchezo."

"Kwani jiwe la nani? Sisi watu wa Giwa. Giwa hakututuma."

Lawwali angeweza kumfungua fahali yule. Angeweza kumwita Alhaji. Wachinja mbuzi walikuwa wanamtazama. Akapiga goti shingoni na kilo zake hamsini na mbili, akataja jina la Mungu, akakata. Lakini kisu kinashikwa kwa vidole vyote, na viwili havikukunjika. Kisu kiligeuka mkononi. Kilikata ngozi, kilikata koo nusu, kikakwama.

Fahali aliinuka. Aliinuka naye juu ya shingo yake. Kamba ya nyuzi nne, iliyopakwa mafuta miaka kumi na mmoja kwenye msumari, ilikatika kwenye pete. Damu ilikuwa inaruka kutoka kooni kama maji kwenye bomba lililopasuka, na kila pumzi ilitoka na mapovu. Lawwali alitupwa ukutani. Kabla hajateleza chini, pembe ilimpata mkono wa kulia, ikaubana kwenye saruji, ikausaga kutoka kiwiko hadi kiganja. Fahali alirudi nyuma kumalizia.

Vibarua walikuwa wamepanda juu ya ukuta. Wachinja mbuzi walikimbilia shimoni. Nje ya lango ni soko, Alhamisi, wanawake na mabakuli ya kunde chini kwenye mikeka.

Gambo alitupa fimbo. Jinsi alivyovuka hatua zile kwa mguu uliofungwa mbao hakuna aliyeweza kueleza baadaye. Alizishika pembe zote mbili, kama zamani, akaikunja shingo, akajitupa juu yake na uzito wake wote. Fahali alienda chini. Mguu ule ulivunjika mara ya pili chini ya wote wawili.

"Kata," Gambo alisema.

Lawwali alitambaa. Mkono wa kulia haukuwa mkono tena. Alikichomoa kisu kooni kwa mkono wa kushoto.

"Haraka. Sifanyi kwa ajili yako. Huyu akitoka humu ataua watu sokoni."

Alikata. Fahali alirusha kichwa mara moja ya mwisho, namna wanavyofanya wote, na Gambo hakuwa na mguu wa kukaza. Pembe iliingia chini ya kwapa la kushoto. Iliingia mpaka ikasimama.

Walikaa hivyo watatu juu ya jiwe, wakipumua. Fahali aliacha kwanza. Gambo alikuwa anamtazama Lawwali kwa karibu sana, macho kwa macho, kwa mara ya kwanza vichwa vyao vikiwa urefu mmoja.

"Mzito, eh?" Gambo alisema. Akajaribu kucheka, ikatoka damu.

Alikufa kabla ya adhuhuri, njiani kuelekea hospitali, juu ya mkokoteni wa kubebea nyama.

Kilichotumika kwa jiwe lile ni hiki. Meno manne ya mbele. Vidole viwili, kisha mkono mzima, uliokatwa chini ya kiwiko. Goti moja, mara mbili. Kamba moja ya ngozi, urithi wa Mzee Tukur. Fahali mmoja mwekundu, ambaye Alhaji alikataza nyama yake isiuzwe, akazikwa bila kuchunwa, na wanaume tisa wakachimba shimo. Mwanamume mmoja wa miaka thelathini na sita, aliyebebwa kaburini na watu kumi na wawili badala ya sita. Wajane wawili. Watoto watano, wa mwisho hajaanza kutembea. Ini la kila Alhamisi.

Jiwe alipewa Maigoro. Lawwali yuko upande wa mbuzi, karibu na shimo, mtu mwingine humshikia miguu, yeye hukata kwa mkono wa kushoto. Mizani inasema kilo arobaini na tisa.